Kibla na Mviringo wa Ardhi

Huulizwa mara nyingi: mji wa New York uko kaskazini kuliko Makka, vipi basi Waislamu wengi wa huko huelekea kaskazini-mashariki wanaposali? Wapo walioona jambo hili kuwa ni kosa, wakalibishania.

Jawabu imo katika ilimu ya maumbo yaliyopindika. Ardhi ni tufe, na ramani ni karatasi. Mwaka 1827 mwanahisabu Gauss wa Ujerumani alithubutisha kwamba uso wa tufe hauwezi kutandazwa pasi na kuharibika vipimo vyake. Menya chungwa, ulikandamize ganda lake mezani: litapasuka. Basi mstari ulionyoka katika ramani si lazima uwe ndiyo njia fupi juu ya ardhi.

Twaa tufe lenye sura ya dunia, uvute uzi baina ya New York na Makka hata ukazike. Utauona ukianza kwa kupanda kaskazini-mashariki, kiasi cha digrii 58 kutoka kaskazini, kisha ukishuka.

Sisi wa Mombasa hatupati shaka hii, kwani Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Hapo ramani na tufe hukubaliana.

Wala ilimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 1025 al-Biruni alikamilisha kitabu cha kupima mahali pa miji, na kwa hisabu ya tufe akaitafuta kibla ya Ghazna. Basi yatupasa tupime kabla ya kubishana, wala tusimlaumu mwenzetu kwa dhana.