Mafunzo ya Kazini: Mwanafunzi Afanye Nini Ili Asirudi Mikono Mitupu?

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali la kwanza katika nyumba nyingi huwa ni nani amepata C+ ya kuingia chuo kikuu. Aliyekosa huambiwa "aende tu polytechnic", kana kwamba anapelekwa adhabu. Kauli hiyo humfanya kijana kuingia darasani akiwa ameshakata tamaa.

Vyuo vya mafunzo ya ufundi vina historia ndefu. Mwaka wa 1966, baraza la makanisa nchini lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Katika miaka iliyofuata, vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kujengwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaviweka chini ya serikali za kaunti. Katika shule za upili nako, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza masomo Januari 2026, na masomo ya kiufundi kama umeme, useremala, ujenzi na ufuaji vyuma yamo katika mkondo wa sayansi na teknolojia.

Hata hivyo, darasa peke yake halimfanyi mtu kuwa fundi. Ndiyo maana kuna mafunzo ya kazini, yaani attachment. Tatizo ni kwamba wapo wanaomaliza miezi mitatu wakiwa wamefagia karakana na kutumwa chai tu. Hatua zifuatazo zinaweza kuzuia hasara hiyo.

1. Tafuta nafasi mapema. Mwanafunzi achukue barua ya utambulisho chuoni na aanze kutembelea karakana, saluni, hoteli au kampuni angalau miezi miwili kabla. Fundi wa jua kali mwenye kazi nyingi anaweza kufunza zaidi kuliko kampuni kubwa isiyo na nafasi ya kumsimamia.

2. Kubalianeni kwa maandishi. Kabla ya siku ya kwanza, ijulikane nani atamsimamia mwanafunzi, atafunzwa kazi zipi, saa za kufika na kuondoka, nani atagharamia nauli na chakula, na nani atalipia matibabu akiumia. Mzazi asione haya kuuliza.

3. Usalama kwanza. Anayechomelea avae miwani na glavu. Anayeshughulikia umeme azime swichi kuu kwanza. Mwanafunzi ana haki ya kukataa kazi ya hatari ambayo hajaelekezwa.

4. Andika kila siku. Daftari la kazi ndilo shahidi wake. Chukua mfano wa mwanafunzi wa umeme wa nyumba. Akiandika "leo nilisaidia kazi", hajasema lolote. Akiandika "nimevuta nyaya za milimita 2.5 za mraba hadi soketi nne, nikapima kwa mita kabla ya kuwasha", mwajiri ataona anachojua. Msimamizi atie sahihi kila wiki, si siku ya mwisho.

5. Sema mapema mambo yakienda kombo. Wiki mbili zikipita mwanafunzi akifagia tu, azungumze na msimamizi kwa heshima. Asiposikizwa, amjulishe mwalimu wake ili ahamishwe muda ungalipo.

Kufagia na kupanga vifaa si dharau. Kila fundi alianzia hapo. Kosa ni kuishia hapo.

Baada ya mafunzo, mwanafunzi anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mitihani hiyo huanzia Gredi ya III, kisha ya II, na ya juu ni Gredi ya I. Hata fundi aliyejifunzia kazini bila kuingia darasani anaweza kuifanya na kupata cheti cha kuthibitisha ujuzi wake.

Mafundi na wenye biashara nao wana sehemu yao. Anayempokea kijana leo anapata nafasi ya kumjua mfanyakazi kabla ya kumwajiri.

Wazazi na wanafunzi wanaotaka kujua kozi zinazofundishwa, karo na tarehe za kujiunga wanaombwa kufika katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nao au katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Wabebe kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na matokeo yake, yawe mazuri au mabaya.