Pima Kabla ya Kulaumu Stata
Mambo ya kufanya na kutofanya Volkswagen Beetle inapogoma kuwaka

Stata nyingi za Beetle hufunguliwa na kutupwa bila kosa. Ufunguo unazungushwa, gari kimya, lawama zote zinaangukia stata. Pesa zinatoka, na baada ya wiki mbili kimya kinarudi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua stata mpya, kumbe mgonjwa alikuwa mkanda wa ethi uliolika pale giaboksi inapoungana na bodi. Tangu siku hiyo nina sharti moja: kifaa hakibadilishwi kabla hakijapimwa.

FANYA

1. Sikiliza kwanza. Stata ikilia ta-ta-ta-ta huku taa zikififia, betri iko chini au vishikio vyake vimelegea. Ikilia "ta" mara moja kisha kimya, solenoidi imeshtuka lakini umeme mkubwa hautoshi au hauvuki. Ikiwa kimya kabisa na taa zinawaka vizuri, chunguza swichi ya ufunguo na waya wake. Stata ikizunguka yenyewe bila kugeuza injini, tatizo kwa kawaida liko kwenye gia yake, si kwenye nyaya.

2. Jua volti za gari lako. Beetle za zamani zaidi ni za volti 6. Volti 12 zilienea kuanzia matoleo ya 1967 na 1968. Magari mengine yamebadilishwa na wamiliki, kwa hiyo soma betri yenyewe.

3. Inua kiti cha nyuma upime betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata inapopigwa, isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, ichaji, kisha upime tena.

4. Pima ethi. Chomoa waya unaoipa koili umeme ili injini isiwake. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa stata, kisha mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.5, ethi ni mbovu. Fungua mkanda, kwangua pande zote hadi chuma king'ae, ukaze.

5. Pima waya wa swichi, pale penye namba 50 kwenye stata. Umeme wake hutoka kwenye betri nyuma, huenda hadi swichi mbele, kisha hurudi tena nyuma, na kila kiungo chakavu njiani kinaula. Betri ikiwa nzima na hapo umeme ukafika hafifu, safisha viungo na ukague swichi. Baada ya hapo ndipo ufikirie kufunga relei karibu na stata, yenye fyuzi yake.

USIFANYE

1. Usipige shoti solenoidi kwa bisibisi gari likiwa kwenye gia. Litaruka na kukukanyaga.

2. Usiache betri bila kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vyake, cheche zinaweza kuwasha godoro, na gari zima likateketea abiria wakiwa ndani.

3. Usiligawie gari la volti 6 umeme wa betri ya volti 12. Utaunguza taa na vifaa vingine.

4. Usikamue stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja au mbili, ipoe.

5. Usiache swichi ya ufunguo imewashwa injini ikiwa imezima. Koili huchemka na pointi za distributa huungua, kisha unajiongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

6. Usifungue wala kukaza nyaya za stata kabla ya kufungua waya hasi wa betri. Huo hutoka wa kwanza na hurudi wa mwisho, kwa sababu waya mkubwa wa stata hauna fyuzi ya kukuokoa.

7. Usimkubalie fundi anayesema "badilisha tu". Mwambie kwa heshima akuonyeshe namba kwenye mita. Asipokuwa na namba hana ushahidi, na pasipo ushahidi stata ibaki mahali pake.