Nguvu ya Maporomoko ya Pangani

Mto Pangani wapata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru, wakata nyika, kisha waingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Karibu na Hale, katika mkoa wa Tanga, mto huu waporomoka bondeni kwa kishindo. Hapo palijengwa mtambo wa umeme katika miaka ya 1930, na mwingine mkubwa zaidi ukamalizika mwaka 1995.

Maji huzuiliwa kwa ukuta, yakapitishwa chini ya ardhi, yakaanguka na kusukuma gurudumu lenye mapanga. Gurudumu nalo lazungusha jenereta, ndiyo ifanyayo umeme.

Nguvu hiyo yategemea mambo mawili: wingi wa maji na kimo cha kuanguka. Kipimo chake ni kilowati. Ikiwa katika kila sekunde mita 1 ya ujazo, yaani madebe 50 ya lita 20, yaanguka kimo cha mita 1, nguvu yake ni kilowati 9.8.

Katika mtambo wa mwaka 1995, kimo ni mita 170, kupita minazi sita mirefu iliyopandanishwa. Maji yake, mto ukijaa, ni mita 45 za ujazo kila sekunde. Basi hesabu ni hii:

45 × 170 × 9.8 = kilowati 74,970.

Lakini si nguvu yote igeukayo umeme. Katika mafungu kumi, kama fungu moja hupotea njiani kwa msuguano na joto. Yabaki kama kilowati 67,500. Na mtambo wenyewe ulifanywa kwa kilowati 68,000.

Wakati wa kiangazi kimo hakibadiliki, bali maji hupungua. Yakiwa mita 20 tu, umeme hushuka hata kilowati 30,000. Na debe liingialo katika shamba la mpunga la Moshi halifiki Hale. Wala mkulima hana kosa, maana mpunga hauoti pakavu. Kwa hiyo wagawao maji ya mto huu hawana budi kuhesabu kwanza, ndipo wagawe.

Maswali

1. Nguvu ya maji yategemea mambo gani mawili?
2. Maji yakiwa mita 10 za ujazo kila sekunde, mtambo huu watoa kilowati ngapi?