SOMO LA AFYA: Mzee Akishindwa Kuzuia Mkojo Baada ya Operesheni



Somo la leo tunaomba lisomwe kwa sauti na watu wasicheke. Mzee mmoja wa kwetu hapa Migwani, mtu hodari sana siku za mwethya, alifanyiwa operesheni ya tezi dume, ile ambayo wengi huita prosteti. Operesheni ilienda vizuri. Lakini alipotolewa mpira wa mkojo, suruali ikawa inalowa kila akikohoa, akiinama au akiinua karai la mchanga. Akaacha kuja kazini. Akaacha kanisa. Mwishowe akapunguza hata maji ya kunywa, na mnajua jua letu la Kitui si mchezo. Sisi tulidhani ametukasirikia. Kumbe ni aibu tu.

Kwa nini mkojo unatoka?

Fikirini tangi la maji lenye mifereji miwili, mmoja juu ya mwingine. Kibofu ndicho tangi. Tezi dume imekaa chini yake, katikati ya mifereji hiyo. Daktari akiondoa tezi yote kwa sababu ya saratani, mfereji wa juu mara nyingi huharibika. Unabaki ule wa chini, ambao haujazoea kufanya kazi peke yake. Ikiwa tezi ilivimba tu bila saratani na ikapunguzwa, shida hii huwapata wachache zaidi, na mara nyingi haikai sana.

Habari njema ni kwamba mfereji wa chini ni msuli, na msuli hupata nguvu ukifanyishwa kazi. Wanaume wengi hupata nafuu kubwa kati ya miezi 3 na 12, bila kukatwa tena.

Mazoezi yenyewe

Mwaka wa 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya akiwafikiria akina mama waliojifungua. Baadaye yakafundishwa wanaume pia. Kwa hiyo huenda mama wa kikundi anayajua kuliko mzee!

Anza baada ya mpira kutolewa na daktari kukubali. Mwenye kungoja operesheni anaweza kuanza hata sasa.

1. Utafute msuli. Jifanye unazuia hewa isitoke mbele za watu, na papo hapo unakatiza mkojo. Ukihisi uume umevutwa ndani kidogo, umeupata.
2. Kaza, hesabu hadi 5, kisha legeza na upumzike kwa hesabu hiyo hiyo. Rudia mara 10. Polepole fika hesabu ya 10.
3. Halafu kaza na kulegeza upesi upesi mara 10.
4. Fanya hivyo mara 3 kwa siku: umelala, umeketi, na umesimama.
5. Usizuie pumzi. Usikaze tumbo wala makalio. Usifanye zoezi hili wakati wa kukojoa, maana kibofu kinaweza kubaki na mkojo.
6. Kaza *kabla* ya kukohoa, kusimama au kuinua mtungi. Hili ndilo watu husahau.

Endelea angalau miezi 3. Ukiona huelewi, omba hospitalini uonyeshwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Mambo mengine ya kusaidia

- Usiache maji. Mkojo mzito huwasha kibofu na huleta maradhi. Punguza chai na kahawa, hasa jioni.
- Usikimbilie choo kila saa. Ongeza muda kidogo kidogo hadi ufike saa mbili au tatu.
- Zuia choo kigumu, maana kujikamua hulegeza msuli huo. Isyo ina makapi kuliko muthokoi uliokobolewa. Ongeza mboga na papai.
- Tumia vitambaa safi vya pamba, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Osha ngozi, kausha, paka mafuta.
- Usijifunge uume kwa kamba wala mpira. Damu itazuiwa na sehemu hiyo inaweza kuoza. Kuna kibanio maalum cha hospitali, nacho hutumiwa kwa maelekezo ya daktari, hufunguliwa kila baada ya saa moja au mbili, na hakivaliwi usiku.

Rudi hospitali mara moja ukishindwa kabisa kukojoa, ukiona mabonge ya damu, au ukipata homa na maumivu. Na mwaka ukipita bado unalowa sana, mwambie daktari. Mazoezi hayamponyi kila mtu, lakini ipo njia nyingine ya upasuaji kwa waliobaki.

Mzee wetu je?

Mkewe ndiye aliyetuambia. Watu wawili wakamtembelea, hawakumhubiria, walikunywa uji tu na kumweleza mazoezi haya. Kufika mwezi wa nne alikuwa amerudi mtoni nasi, kitambaa kimoja kwa siku. Mpaka leo huketi karibu na mlango, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Maswali ya kikundi

1. Ni nani ameacha kuja mikutanoni, nasi hatujauliza sababu?
2. Mahali petu pa mkutano pana choo karibu, na maji ya kunawa?
3. Tutamwambiaje mzee habari hizi bila kumvunjia heshima? Nani aende?

Kazi ya mwezi huu: Kila kikundi kichague mwanamume mmoja na mama mmoja wa kujifunza mazoezi haya vizuri, ili mwenye shida awe na mtu wa kumwendea kwa siri.