Kazi za Muda kwa Kijana Mwenye Ugumu wa Kujifunza

Kijana anayesoma kwa shida aweza kuwa hodari wa kupanga bidhaa, kumwagilia bustani au kutunza kuku. Twawashauri ninyi wazazi muanze na lile analolimudu, kisha mchunguze masharti ya kazi.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, mradi isidhuru afya wala masomo. Yakataza kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na yampa mtoto haki ya ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Ugumu wa kusoma hauipunguzi haki hiyo.

Twatahadharisha hasa juu ya karatasi asiyoielewa. Asitie sahihi wala dole gumba kabla hamjamsomea kila kifungu. Mwombeni mwajiri amfundishe kwa vitendo, hatua moja baada ya nyingine, na amwekee picha za kumkumbusha. Ujira uhesabiwe mbele yake, nanyi muuandike daftarini siku hiyo hiyo. Akipunjwa, daftari hilo litamsemea.