JUA SHERIA: Kabla ya Kupiga 999

Mtu usiyemfahamu amekaa ndani ya gari nje ya geti lako kwa saa nzima. Je, uwaite polisi? Na ikibainika hana kosa, utashtakiwa wewe uliyepiga simu?

La, mradi umesema kweli. Nambari za dharura 999, 112 na 911 ni za kila mkazi. Kuripoti kwa nia njema si kosa, hata kama mtu huyo alikuwa akimngoja jamaa yake tu.

Mambo hubadilika mpigaji anapoongeza uongo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha kumpa mtumishi wa umma habari unazojua au kuamini kuwa si za kweli, ukinuia atumie mamlaka yake kumdhuru au kumsumbua mwingine. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 3.

Tuseme mwenye ploti amekosana na mpangaji. Mpangaji ameketi barazani na wageni wake, jambo lisilovunja sheria yoyote. Mwenye ploti anapiga simu na kudai kuna genge lenye bunduki. Polisi watafika wakitarajia risasi, na mtu asiye na hatia anaweza kupoteza maisha. Hapo mwenye kosa ni aliyepiga simu.

Aliyesingiziwa akishtakiwa, anaweza pia kudai fidia kortini. Atahitajika kuthibitisha mambo 4:

- mdaiwa ndiye aliyesababisha mashtaka;
- kesi iliisha kwa kumpendelea aliyeshtakiwa;
- hapakuwa na sababu ya msingi ya kumshtaki;
- mdaiwa alisukumwa na nia mbaya.

Unapopiga simu:

- Taja ulichokiona na kukisikia. “Ameshika panga” na “nadhani ana panga” ni habari mbili tofauti.
- Usichokijua, sema hukijui.
- Ugeni, mavazi au kabila la mtu si kosa. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, na kila raia haki ya kuishi popote nchini.
- Kama hakuna hatari, mweleze chifu au mzee wa Nyumba Kumi.

Sheria hii isikutie woga. Ukisikia mayowe ya jirani usiku, piga simu mara moja. Anayeripoti alichokiona kwa dhati hana la kuogopa.