SOMO LA AFYA KAZINI: Wayo Uliovunjika Katikati, Vyuma vya Kuushika, na Fidia



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya vidole vinavyokatwa na mashine na macho yanayoingiwa na vipande vya chuma. Majeraha hayo hutoa damu, na msimamizi hawezi kuyakana. Leo tunalo jeraha ambalo mara nyingi halitoi hata tone. Mtu huambiwa ameteguka tu, hupewa vidonge vya maumivu, na baada ya mwaka hawezi tena kubeba mzigo. Ni jeraha la katikati ya wayo. Tunasema wayo kwa sababu neno mguu kwetu huanzia pajani. Somo hili ni la sehemu iliyo chini ya kifundo.

Simama asubuhi hapa Nakivubo, kati ya uwanja wa mpira na soko la Owino, uangalie malori yanavyoshushwa. Mchukuzi anateremka kwenye ubao na gunia la kilo 100 mgongoni. Ncha ya wayo inakwama katika ufa wa saruji, na mwili pamoja na mzigo unaendelea mbele. Au gurudumu la mkokoteni linapita juu ya wayo wake. Katika mashamba ya miwa, kama yale ya Lugazi na Kakira, hatari hiyo hutoka kwa trela ya trekta. Kwenye chai ni mtaro uliofunikwa na majani. Kiwandani ni chuma kilichoponyoka mikononi. Hata wachezaji mpira huumia namna hii, wayo ukiwa umechomekwa ardhini na mtu mwingine akaangukia kisigino.

Sasa tuutazame wayo wenyewe. Mbele kuna mifupa mitano mirefu inayoelekea kwenye vidole. Nyuma yake kuna mifupa mitatu yenye umbo la kabari, na mmoja ulio kama kasha dogo. Mahali safu hizi mbili zinapokutana ndipo penye tao la wayo, na tao hilo ndilo linalobeba uzito wote wa mwili na mzigo. Mfupa mrefu wa pili umeingia ndani kati ya kabari, kama seremala anavyochomeka ulimi wa ubao katika tundu lake. Kano nene linatoka kwenye kabari ya kwanza na kuushika mfupa huo wa pili. Baina ya mfupa mrefu wa kwanza na wa pili hakuna kano kama hilo. Basi kano hilo moja likikatika, au kipande cha mfupa kikang'oka nalo, ulimi hutoka katika tundu na tao hulegea.

Kiungo hiki madaktari hukiita kwa jina la Lisfranc, mpasuaji Mfaransa aliyekufa mwaka 1847. Mwaka 1815 aliandika namna ya kuukata wayo kwa kupitia hapo hapo, maana siku zile wayo uliopondeka na kuoza ulikuwa na dawa moja, kisu. Leo tunazungumza juu ya skrubu na mabamba. Hayo ni maendeleo makubwa, ila hayamfikii mtu aliyerudishwa nyumbani na kitambaa cha kufungia.

Na wanaorudishwa ni wengi. Vitabu vya madaktari husema kwamba karibu jeraha moja katika kila matano ya aina hii hupitwa bila kutambuliwa siku ya kwanza. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mgonjwa hupigwa eksirei akiwa amelala; mifupa haina uzito juu yake, hivyo hujipanga vizuri na picha huonekana safi. Akisimama tu inaachana. Kwa hiyo eksirei ya kuaminika ni ile inayopigwa mgonjwa akiwa amesimama, nyayo zote mbili pamoja, ili uliopona ulinganishwe na ulioumia. Nafasi kati ya mfupa wa kwanza na wa pili ikizidi milimita 2 kuliko ile ya upande mzima, daktari atashuku. Kama maumivu hayamruhusu kusimama, picha irudiwe baada ya wiki moja au siku kumi. Hospitali yenye mashine ya CT huweza kuona hata vipande vidogo.

Nanyi wenyewe mnaweza kushuku kabla ya picha. Mwenzenu akiwa na maumivu katikati ya wayo, siyo kwenye kifundo. Akishindwa kusimama kwa ncha ya mguu. Na hasa akiwa na alama ya damu iliyovilia chini, kwenye upinde wa unyayo, msikubali neno "kuteguka" mpaka picha ya kusimama ipigwe. Wala asipelekwe kuchuliwa. Tunawaheshimu wazee wetu wanaojua kukanda, lakini mifupa iliyotoka mahali pake, ikikandwa siku za kwanza, huzidisha uvimbe na kuukata mwili kwa ndani.

Jambo moja halingoji asubuhi. Wayo uliopondeka ukivimba hadi ukawa mgumu kama ubao, maumivu yakazidi kila saa ingawa amepewa dawa, na vidole vikafa ganzi, damu inakosa nafasi ya kupita. Plasta au kitambaa kilichobana kifunguliwe, na apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Na penye kidonda kilichofikia mfupa inatakiwa kuoshwa vyema, dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda.

Wengi huuliza: kwa nini isiwe plasta peke yake? Pale picha ya kusimama inapoonyesha kwamba mifupa haikuachana, plasta au kiatu kigumu chatosha, pamoja na kutokanyaga kwa wiki kadhaa. Lakini kiungo kilicholegea, plasta haikiwezi. Siku ya kwanza inakaza kwa sababu wayo umevimba. Uvimbe ukishuka, nafasi inabaki ndani ya plasta na mifupa inateleza tena, nawe huioni. Hapo ndipo panapohitajika vyuma. Mara nyingi mpasuaji hungoja wiki moja au mbili mpaka uvimbe ushuke na ngozi ionyeshe mikunjo, kwa sababu ngozi iliyotutumka ikikatwa haifungi. Kungoja huko siyo uzembe. Lakini mfupa unaotishia kutoboa ngozi hurudishwa mara moja.

Vyuma vyenyewe ni vya namna kadhaa. Pini nyembamba hupigwa kupitia ngozini. Ni rahisi na bei yake ni ndogo, lakini hushika kidogo na huweza kulegea au kuingiza vijidudu. Siku hizi hutumika hasa upande wa nje, kwenye mfupa wa nne na wa tano, na hutolewa baada ya wiki 6 hivi. Upande huo wa nje ndio unaocheza zaidi mtu anapokanyaga ardhi isiyo sawa, kama matuta ya shamba, hivyo haufai kufungwa daima.

Skrubu hushika kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba hupita katikati ya kiungo na kutoboa gegedu, ile nyama laini ngumu inayozuia mifupa kusagana. Mtu akianza kutembea nayo huweza kukatika. Kwa hiyo wapasuaji wengi huitoa baada ya miezi 3 hadi 6, na hiyo ni operesheni ya pili. Bamba hulazwa juu ya kiungo kama daraja, bila kutoboa gegedu. Lakini mgongo wa wayo hauna nyama, na anayevaa gambuti siku nzima atalisikia bamba hilo. Nalo mara nyingi hutolewa. Uko pia uzi imara wenye vifungo viwili unaoshika mahali pa kano; bei yake ni kubwa. Na wayo uliopasuka vibaya hushikwa kwanza kwa fremu ya chuma ya nje mpaka kidonda kitulie.

Njia nyingine huwashtua watu wanapoisikia: kukwangua gegedu na kuiunganisha mifupa ya upande wa ndani na wa kati iwe mfupa mmoja. "Basi mguu utakuwa mti!" La hasha. Viungo hivyo hata kwa mtu mzima hucheza kidogo sana. Mwaka 2006 wapasuaji wawili wa Marekani, Ly na Coetzee, walitangaza matokeo ya wagonjwa 41 ambao zaidi kano zao ndizo zilizokatika. Nusu walifungwa skrubu, nusu wakaunganishwa. Baada ya miaka miwili hivi, waliounganishwa walijiona wamerudia asilimia 92 ya uwezo wao wa zamani, na wale wa skrubu asilimia 65. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2009 haukuona tofauti hiyo ya nguvu, ila waliofungwa skrubu walirudi kupasuliwa mara nyingi zaidi, wengi wao ili kuzitoa.

Maoni yetu ni haya. Kuliko aina ya chuma, kinachoamua zaidi ni mifupa kurudi mahali pake hasa. Na palipovunjika mfupa wenyewe huku gegedu likiwa zima, kuna sababu nzuri ya kukiokoa kiungo. Lakini kama kano zimekatika kabisa, na mgonjwa anatoka mbali na hana uhakika wa nauli ya kurudi kutolewa skrubu, na aulize wazi juu ya kuunganishwa. Aulize Mulago, aulize CoRSU kule Kisubi, popote atakapopelekwa. Avutaye sigara aambiwe kwamba tumbaku huchelewesha mifupa kushikana.

Baada ya operesheni, kwa kawaida hakukanyagwi kwa wiki 6 hadi 8, magongo tu. Kazi nyepesi ya kukaa huja kwanza. Kubeba magunia huchukua miezi mingi, na wengine hukaribia mwaka. Wapo watakaobaki na maumivu hata baada ya matibabu mazuri, kwa sababu gegedu lilikwisha pondeka siku ya ajali.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000, aliyelemaa kabisa kwa ajali ya kazini hulipwa mishahara ya miezi 60. Aliyelemaa sehemu hulipwa asilimia ya kiasi hicho kwa kadiri ulemavu wake ulivyopimwa. Fanya hesabu: 5 kwa mia ni mishahara ya miezi 3, 20 kwa mia ni ya miezi 12. Sasa fikiri mtu anayepimwa katika wiki ya pili na karatasi inayosema ameteguka, akawekewa fedha mezani atie sahihi. Wayo huu haupimiki katika wiki ya pili. Upimwe baada ya vyuma kutolewa, au baada ya daktari kuandika kwamba mifupa imeshikana. Gharama za matibabu zinazostahili ni za mwajiri, kwa hiyo operesheni ya kutoa vyuma iandikwe katika ripoti tangu mwanzo, isije ikaitwa ugonjwa mwingine. Sheria hiyo hailizuii dai kwa sababu ya uzembe wa mfanyakazi. Inamlinda hata aliyeumia akienda kazini moja kwa moja au akirudi, lakini ni juu yake kuthibitisha kwamba hakupinda njia. Mkibishana juu ya asilimia, iko bodi ya madaktari ya kuamua. Na mwajiri akisema huyu ni kibarua tu, jambo lipelekwe kwa Ofisa wa Kazi kabla ya kulikubali.

Neno juu ya viatu. Kofia ya chuma ya kiatu cha kazi hufunika vidole tu. Mgongo wa wayo unabaki wazi. Gambuti haizuii chochote kinachoanguka. Viko viatu vyenye ngao inayofunika mpaka juu ya tao, navyo ndivyo vya kudaiwa kwa wanaoshusha vyuma na magogo, bila kukatwa mshahara.

Kwa vikundi vya masomo: Je, mahali penu pa kazi ajali ya wayo huandikwa katika daftari, na nani huliweka daftari hilo? Hospitali ya karibu nanyi hupiga eksirei ya kusimama? Ubao wa kushushia mizigo hapo kwenu una vizuizi vya kuzuia kuteleza, na ulitazamwa mara ya mwisho lini? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.